Shemeji Yangu, Mlinzi wa Kundi

Shemeji yangu ana uso wa kazini na uso wa nyumbani, na kwa bahati mbaya ni uso uleule mmoja. Ni mlinzi wa geti kwenye jengo la ofisi, ghorofa juu ya ghorofa za mawakili, watu wa bima na daktari mmoja wa meno. Amekuwa akiinua na kuteremsha kile chuma chenye mistari myekundu na myeupe tangu mimi nikiwa msichana wa shule, na jengo zima linamwita Kizuizi. Hata mkurugenzi wa bima anamwita hivyo, tena kwa heshima. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo sijawahi kuiacha ilale.

Kazi yake anaifanya kwa maswali. Gari likisimama, haangalii ni gari la aina gani wala aliyemo amevaa suti ya namna gani. Anainama dirishani na kuuliza: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, na huko ndani nani anakufahamu. Ukiwa na mfuko, anauliza pia mfukoni kuna nini. Anauliza polepole, kwa sauti ileile, awe ni mleta maji au ni hakimu. Wengine hununa, wengine hujibu kwa mkato. Yeye hana habari, anasubiri jibu na mkono uko juu ya chuma. Siku ya kwanza nilipompelekea chakula aliniuliza yote hayo mimi, mimi niliyembebea pete siku ya harusi yake. Niliapa sitampelekea tena hata glasi ya maji, kiapo ambacho hakikumaliza wiki.

Dada yangu ni kinyume chake kabisa. Ni fundi wa mapazia na mashuka, anashonea sebuleni, na mdomo wake unakwenda kasi kuliko cherehani. Mteja anakuja kuchukua pazia, anaondoka na pazia na habari za mtaa mzima. Watu walikuwa wakishangaa walivyooana, mmoja hasemi, mwingine hanyamazi. Dada aliwajibu kwamba kwa nyumba moja redio moja inatosha.

Kisha akakuta uvimbe kwenye titi. Vipimo vikasema ni saratani, na kitu cha kwanza kutoweka nyumbani mle kilikuwa sauti yake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitueleza bila kuzunguka: uvimbe umetolewa, sasa zinafuata dripu za kemo, sita kwa jumla, za kusaka chochote kilichobaki kisichoonekana. Akizimaliza, matumaini ya kupona ni makubwa. Akikatisha kwa hiari yake, anajipunguzia nafasi mwenyewe. Tulielewa sote. Lakini kuelewa ukiwa umekaa mbele ya daktari ni rahisi. Kazi iko nyumbani, dawa ikishaingia mwilini.

Dripu ya kwanza aliipokea kiume, kama tunavyosema, ingawa sijui wanaume gani wangeiweza. Ya pili ikamlaza. Kinywa kikajaa vidonda, nywele zikabaki kwenye mto, vidole vikafa ganzi hata akawa haisikii sindano. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwao kuwapikia watoto, na nilimwona akikaa mbele ya cherehani, anagusa kitambaa, anainuka, anarudi kulala. Roho iliniuma vibaya sana.

Sasa, katika ukoo wetu tuna mjomba. Ni kaka wa marehemu mama, mtu wa upendo mwingi na shughuli chache tangu astaafu. Upendo huo wote aliuhamishia kwenye simu. Asubuhi kwenye kundi la familia unakuta ameshatuma majani yanayoua saratani yakichemshwa, tunda ambalo hospitali zinalificha, na mtu wa koti jeupe anayesema kwa uchungu kwamba kemo ndiyo inayowamaliza watu na madaktari wanajua. Mchana anatuma kwamba sukari ni sumu. Jioni anatuma kwamba asali ni dawa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa amelia hadharani siku ya upasuaji, mzee wa watu, na alitaka kufanya kitu.

Dada alikuwa akivisoma vyote, amelala upande, simu imeshikwa na ile mikono ya ganzi. Asubuhi moja aliweka kikombe mezani akasema, "Ya tatu siendi."

"Huendi wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Siendi hospitali. Hiyo dawa itaniua kabla ya ugonjwa. Watu wengi wanasema, hawawezi wote kuwa waongo."

Kizuizi alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini. Akainua kichwa. Nilimwomba Mungu amjalie maneno, walau siku hiyo moja. Akasema, "Usiogope, mama watoto. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu?" dada akamgeukia. "Basi tubadilishane vidole."

Akaenda zake kazini na uso wake uleule. Nilimkasirikia hata nikaosha vyombo kwa kuvigonga. Nilisema moyoni kwamba dada yangu anakufa na ameolewa na nguzo ya umeme.

Kumbe nguzo ilikuwa inafikiri. Siku hiyo, magari yalipopungua getini, alikaa kibandani mwake akavaa miwani na kufungua jumbe za mjomba moja baada ya nyingine. Jioni akaja jikoni, ameshika simu mbali na uso kama kitu chenye harufu.

"Shemeji," akaniambia, "hawa watu wameingiaje humu?"

"Watu gani?"

"Hawa. Huyu wa majani, na huyu wa koti jeupe. Wameingia mpaka chumbani kwa mke wangu, na hakuna aliyewauliza kitu."

Kisha, hapohapo akiwa amesimama karibu na jiko, akaandika kwenye kundi la familia. Alimwuliza mjomba, kwa adabu zote, ujumbe wa koti jeupe unatoka wapi. Mjomba akajibu kwamba ametumiwa. Na aliyemtumia? Naye ametumiwa. Unakwenda kwa nani? Kwa mgonjwa, kwa nani mwingine! Kizuizi akaandika kwamba yule bwana anazungumzia saratani ya damu, na mke wake ana ya titi, kwa hiyo huenda amekosea mlango. Na je, nani hospitalini kwetu anamfahamu? Na mbona mwishoni kuna namba ya kuagizia unga wa mizizi?

Mjomba akatuma sauti, imejaa hasira. "Kijana, unanihoji kama nimekuja kuiba!"

"Hapana, mjomba," Kizuizi akajibu naye kwa sauti, polepole. "Wewe nakufahamu, karibu saa yoyote. Huyu uliyefuatana naye ndiye simfahamu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata dada kule chumbani nilimsikia akitoa pumzi puani, na kwa siku zile hiyo ilikuwa sherehe.

Lakini kumrudisha mtu getini si sawa na kumleta unayemhitaji. Dada bado alikuwa na maswali yake, na kwenye simu yake sasa hakukuwa na wa kuyajibu. Hilo Kizuizi aliliona haraka kuliko mimi. Akaomba ruhusa kazini, akaenda wodi ya saratani peke yake, akamtafuta nesi mmoja mnene, mchangamfu, mwenye mwendo wa kasi, ambaye dada alikuwa akimpenda. Akamwambia, "Dada nesi, nimeshajua wa kuwazuia. Nifundishe wa kuwafungulia."

Nesi hakumcheka. Alichukua simu yake akamfungulia ukurasa wa hospitali wa wagonjwa, kisha wa chama cha saratani, akamwonyesha jinsi ya kuwakagua. Ukurasa unasema nani ameuandika na ni mtu wa kazi gani. Unasema lini ulipitiwa mara ya mwisho. Haukuuzii kitu. Hauahidi muujiza, na haukukatazi kwenda kwa daktari wako. Kizuizi akawa anaitikia kwa kichwa, lugha hiyo anaifahamu. Nesi akaongeza jambo ambalo alikuwa hajalifikiria: "Hata ukurasa mzuri haumjui mke wako. Ukisoma kitu, uje nacho hapa tukizungumze. Vidole vyake kufa ganzi, kwa mfano, alimwambia daktari?"

Hakumwambia. Hakuna aliyemwambia. Tulikuwa tumekaa na jambo hilo nyumbani kama mgeni wa kulazimisha, na kumbe daktari alihitaji kulijua, maana dozi hupimwa kwa mambo kama hayo. Aliporudi na kunisimulia nilijiona mjinga, yeye akasema tu kwamba kesho atampigia daktari, na akapiga.

Nesi ndiye aliyemwingiza pia kwenye kundi la simu la wagonjwa na ndugu zao, ambalo yeye mwenyewe alilisimamia pamoja na mwalimu mmoja mstaafu aliyewahi kuugua. Mwalimu alikuwa amechoka. Kila siku alipigana na wauza dawa na wapenda miujiza. Haukupita muda nesi akamwomba Kizuizi ashike nafasi yake, na yeye akakubali kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mimi sikuwamo kundini, niliyajua kwa kuwa alinisomea jikoni jioni huku nikipika. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa huu: "Habari zenu. Kuanzia leo kila kitakachotumwa hapa kitaulizwa." Watu wakadhani anatania. Mtu mmoja akaleta godoro la sumaku linalonyonya saratani usiku, akaulizwa linatoka wapi, ni la saratani gani, ni daktari gani analifahamu. Alipoanza kupiga chenga, Kizuizi akamwandikia, "Asante kwa kufika. Geuza hapo mbele, pana nafasi." Akamtoa. Kundi zima likavunjika mbavu. Baada ya hapo wanachama wenyewe wakawa wanajihoji kabla hajaamka: "Jamani nina makala, inatoka hospitali ya chuo kikuu, imepitiwa mwaka huu, ni ya saratani ya utumbo, mfukoni hamna kitu. Naomba kupita." Na yeye anajibu, "Pita."

Kulikuwa na mke wa dereva mmoja aliyeandika mchana kwamba mumewe ana homa, yuko kwenye kemo, na wameona wangoje kesho. Kizuizi alijua jibu, alikuwa amelisoma kwenye ukurasa wa hospitali mpaka likamkaa kichwani. Akaliweka kwa herufi kubwa: homa wakati wa kemo haingojewi, piga simu wodini sasa hivi, nendeni. Nesi naye akawapigia. Yule dereva alilazwa siku hiyohiyo, akapona homa yake, na mkewe akatuma picha yake akiwa amekaa kitandani anakula. Kizuizi alinionyesha picha hiyo mara nyingi kuliko anavyoonyesha picha za watoto wake.

Na dada je? Hapa ndipo palikuwa na kitendawili chetu. Siku ya dripu ya tatu ilipofika, sisi tukiwa tumeshakata tamaa, alitoka chumbani amevaa, kilemba kimefungwa vizuri, akasema, "Twende." Hakueleza. Alikwenda ya tatu, akaenda na ya nne, dozi ikiwa imerekebishwa kidogo kwa ajili ya vile vidole. Kila mtu alijipongeza chini chini. Kizuizi aliamini ni kurasa alizokuwa akimsomea kitandani, ingawa dada aligeukia ukutani kila aliposoma. Nesi alifikiri ni simu aliyompigia. Mjomba alifikiri ni maombi yake. Mimi nilijua kabisa kwamba ni machozi yangu.

Lakini nyumbani alibaki kimya. Hajibu ila kwa "sawa" na "bado". Baada ya dripu ya nne akaanza tena kuangalia dirishani kwa namna ile niliyoiogopa, na kila tulipoitaja ya tano alibadilisha mazungumzo. Nilianza kulala na wasiwasi.

Kizuizi, kwa upande wake, kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba. Kundi lilikuwa linasifiwa, nesi anamshukuru, kazini mawakili wanamwuliza habari za wagonjwa wao. Jumapili moja, siku moja kabla ya dripu ya tano, akaamua kufanya usafi. Kwenye geti lake kuna kanuni ambayo haijawahi kuvunjwa: hakuna kusimama bila shughuli. Akapitia majina kundini, akawaona watu ambao tangu waingie hawajaandika hata neno. Hawajauliza, hawajashukuru, hawajasalimia. Wamesimama tu. Akaandika kwamba kundi ni la wenye shughuli, akawatoa wote, mmoja mmoja, kwa moyo safi kabisa. Kisha akaweka simu pembeni akaanza kupiga pasi sare zake za wiki juu ya meza ya kulia. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni namenya viazi.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Dada akasimama pale bila kilemba, kichwa wazi, jambo ambalo alikuwa halifanyi hata mbele yangu. Mkononi ameshika ile simu ndogo ya wateja wa mapazia, ambayo tulidhani haijawashwa tangu augue.

"Baba watoto," akasema. "Umenifukuza."

Kizuizi akaweka pasi wima. "Nimekufukuza wapi?"

"Kundini. Nilikuwa katikati ya kusoma, nikaambiwa nimetolewa. Eti sina shughuli."

Nilidhani ametania. Nikamwangalia usoni, nikaona hatanii.

"Wewe umo kundini?" Kizuizi akauliza.

"Nilikuwamo. Tangu kabla ya dripu ya tatu. Nesi ndiye aliyeniingiza kwa laini ya kazi, ambayo wewe hujawahi kuihifadhi simuni, nikamwomba asiseme, na hakusema."

"Mbona hukuandika kitu? Mbona mimi, hapa nyumbani, hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Sauti yake, ile ya zamani, ilikuwa imeanza kupanda. "Nyumba nzima mnanikodolea macho. Nikimeza mate mnanitazama. Nikiacha wali mnatazamana. Kule hakuna aliyenitazama. Nilikaa pembeni nikasikiliza watu wenye kinywa kama changu na vidole kama vyangu. Sikutaka kujibu, nimechoka kujibu! Ndipo mahali pekee nilipopumzika, na wewe umekuja umenifungia."

Kizuizi alikuwa amesimama na shati mikononi. Sijawahi kumwona mtu amepigwa na butwaa namna ile. Akafungua kinywa, nikajua kinachotoka. Nilitamani kumrushia kiazi.

"Usi..." akaanza.

"Usiniambie nisiogope," dada akamkata. "Na usiniambie hakuna kitu. Nimekusoma."

"Umenisoma nini?"

"Siku ile nesi alipowauliza ndugu wa wagonjwa, jambo gani hujamwambia mgonjwa wako. Wewe ukaandika. Wewe ambaye ujumbe wako mrefu ni maneno matatu."

Kizuizi akaitazama pasi. Hiyo hakunisomea jikoni.

"Uliandika kwamba nyumbani unaniambia hakuna kitu," dada akaendelea, na sasa alikuwa anasema taratibu kama mtu anayesoma, ingawa simu ilikuwa imezimika mkononi. "Kwamba ukifika kazini unakaa kibandani unaogopa simu ikilia, kwa sababu inaweza kuwa ni mimi. Uliandika kwamba cherehani ikiwa kimya huwezi kukaa sebuleni, unatoka nje kujifanya unaangalia mita ya maji."

Ni kweli. Alikuwa anakwenda kuangalia mita ya maji kila jioni. Tulidhani ni ubahili.

"Uliandika kwamba hujui namna ya kuwa mtu bila mimi. Na kwamba huwezi kuniambia, kwa sababu mimi ndiye mgonjwa na wewe ndiye unayetakiwa kuwa imara." Akaegemea fremu ya mlango. "Ya tatu nilikwenda kwa sababu hiyo. Si kwa sababu ya kurasa zako. Kurasa zako ni nzuri, nilizisoma zote kule kule, wala usijali. Lakini kwenda, nilikwenda kwa sababu niliona kumbe kuna mwenzangu anayeogopa humu ndani. Mimi nilikuwa naogopa peke yangu. Miezi yote ile, peke yangu, na wewe umelala hapo pembeni."

Kizuizi akavuta kiti akakaa, shati bado liko mikononi, akalikunjakunja, pasi yote aliyokwisha kulipiga ikaharibika. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Naogopa sana, mama watoto. Naogopa mpaka sisikii ladha ya chakula."

"Haya," dada akasema, na machozi yakamshuka. "Haya. Sasa tunaweza kuongea."

Nikachukua viazi vyangu nikaenda kuvimenyea uani. Mimi kama shemeji nina haki zangu za utani, lakini nina pia adabu zangu. Kutoka huko nilisikia sauti zao mpaka jua likapungua, mara nyingi ya dada, mara nyingine ya yule bwana, na mara moja nikamsikia dada akicheka kwa pua iliyoziba. Viazi niliviunguza. Tulivila hivyohivyo.

Niruke mbele kidogo ili usibaki roho juu: dada alimaliza dripu zote sita, na vipimo vilivyofuata havikuonyesha dalili ya saratani. Anaendelea kuangaliwa kwa miadi, na cherehani inafanya kazi. Mjomba bado anatuma vitu, ila sasa anavipeleka kwanza kwa Kizuizi faraghani, na vingi vinalala hukohuko. Lakini siku ninayoikumbuka mimi si ile ya vipimo. Ni Jumatatu ya dripu ya tano, iliyofuata Jumapili ile.

Dada alikaa kwenye kiti cha kuegemea, dawa inashuka tone kwa tone. Kizuizi amekaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwake. Mimi nilikuwa dirishani na mfuko wa nguo. Nesi alikuwa ameshapita na kumpa shemeji yangu vidonge vyake, kwa sauti ya chini lakini kwa ukali kamili: kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wake ni watu wa kusoma tu, na kwamba aliowatoa hawakuwa wamesimama bila shughuli, walikuwa wanajishikilia. Kizuizi alipokea yote kichwa kikiwa chini. Kisha akatoa simu, akawarudisha kundini mmoja mmoja, na akaanza kuandika radhi. Kidole chake kimoja, polepole, herufi kwa herufi.

Simu ndogo ya mapazia ikatoa mlio mapajani mwa dada. Akaisoma.

"Umeandika 'karibuni tena, jisikieni huru kuchangia,'" akasema.

"Ndiyo."

"Futa hilo la kuchangia. Waambie wakae kimya wanavyotaka."

Akafuta. Akaandika wakae kimya wanavyotaka. Ikatoa mlio tena, na dada akaangalia, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa.

"Niwaambie kwamba mmoja wao ni mke wangu?" Kizuizi akamwuliza. "Usipotaka sisemi."

Dada aliangalia mrija, akaangalia mkono wenye sindano. Kisha akampa simu yake mwenyewe ile ndogo, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umefungwa.

"Niandikie mimi," akasema. "Andika: nimekuja ya tano. Naogopa. Mume wangu yuko hapa, naye anaogopa. Tuko salama."

Kizuizi akaandika neno kwa neno. Alipofika kwenye "naogopa" alilikosea, akalifuta, akaliandika upya, akamwonyesha kabla ya kutuma. Dada akasoma, akasema, "Tuma."